Siku Tingatinga la Kilelengwani Lilipoacha Kuchemka

Kilelengwani,
Jumapili jioni

Mwanangu Charo,

Kabla hujanikasirikia: ndiyo, ni mimi niliyelitoa begi lako mvunguni. Nimelipangusa vumbi nikaliweka tena kwenye kiti pale mlangoni, na barua hii nimeichomeka mfukoni mwake ili uione asubuhi utakapotaka kulirudisha chini ya kitanda. Usilirudishe. Kaa kwanza usome mpaka mwisho, halafu kama bado una ubishi, nitafute tugombane vizuri.

Baba yako amenihimiza nikuandikie mambo ya shuka, dawa ya malaria na yule mjomba wa Isiolo utakayemjulia hali ukifika. Nimemwambia hayo akuandikie yeye, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nina jambo moja nililolikalia tangu Jumanne. Linanichekesha peke yangu, na leo kanisani dada yako Sidi amenifinya mara mbili kwa sababu nilikuwa nacheka katikati ya maombi. Nitakwambia, lakini kwa zamu yake, maana nikilisema sasa hutasoma haya mengine.

Jana uliniambia, "Mama, naona nibaki mpaka mvua zipite. Hii tingatinga ikichemka tena na mto unajaa, mtafanya nini?" Ulisema kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutenda wema. Nikanyamaza, na unajua kunyamaza si kazi yangu, ukadhani nimekubali. Nilikuwa natafuta maneno. Nimeona bora niyaandike, kwa kuwa kwa mdomo ningepiga kelele na wewe ungetoka nje kama kawaida yako.

Najua pia hofu hiyo hukuizaa peke yako. Ijumaa mwenyekiti wetu wa kikundi cha wakulima, Mzee Komora, alikuja hapa na wenzake wawili. Walizunguka mbuga nzima kwa maneno, habari za ng'ombe, habari za mvua, ndipo akasema: "Mama Charo, yule kijana akienda, hii mashine itakufa. Mwambie abaki. Hiyo barabara ya huko kaskazini itajengwa na watu wa huko." Niliwapa chai ya pili. Sikuwajibu, kwa sababu nilitaka jibu ulisikie wewe kwanza.

Basi sikiliza. Ulikuwepo wakati wa ile shida kubwa, lakini hukuwemo kichwani mwangu, na huko ndiko mambo yalikokuwa yameharibika.

Unajua tingatinga la kikundi lilivyofika hapa, limezeeka tayari, rangi ya manjano imebaki kwenye pembe tu, minyororo inalia mpaka mbwa wanakimbia. Mimi nilikuwa mpishi wa dereva. Kila mchana nilikaa kando nikimngoja amalize kula nichukue sahani zangu, na katika kungoja nikawa namtazama anavyovuta zile nyenzo, hii ya kulia, hii ya kushoto, hii ya kuinua bamba la mbele. Aliporudi kwao akaacha tuta la kuzuia mafuriko halijafika nusu, wanaume wakaanza kubishana nani apande. Walipokuwa wanabishana nikapanda mimi. Walicheka sana siku ile. Wiki ya pili walikuwa wanakuja mmoja mmoja kuniomba nipitie na mashamba yao.

Nilijivuna, sikatai. Nilikuwa nikipita njiani na ile mashine nimenyoosha shingo, nasalimia watu kwa kidole kimoja. Ndiyo maana lilipoanza kuchemka niliona kama limenitukana mbele za watu.

Siku ya kwanza mshale wa joto ulipoingia kwenye nyekundu, niliruka chini na kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo, kwa hasira, na tambara mkononi. Ile alama iliyo kwenye mkono wangu, niliyokuwa nikiwaambia wageni kuwa ni mafuta ya mandazi, ni maji ya rejeta. Huko kwenye kambi ya barabara utakuta mashine nyingi na watu wenye haraka kama mama yako. Wewe iache ingurume polepole, bila mzigo, ishuke joto yenyewe. Ukiizima ghafla maji yanasimama ndani na chuma kinazidi kuungua. Mimi nilikuwa naizima ghafla kila mara, na bado najisifu kwamba nina mkono mwepesi.

Kisha nikaanza uganga wangu. Niliambiwa na mpita njia kwamba ubaya wote uko kwenye thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kadiri injini inavyopata joto. Nikaking'oa nikakitupa kichakani, nikasimama mbele ya kikundi kizima nikatangaza, "Nimepata!" Kesho yake likachemka kabla ya chai ya saa nne. Nikasema basi ni pampu ya maji. Ikaja pampu nyingine, ikafungwa, nikatangaza tena. Likachemka. Nikasema rejeta imeziba. Ikapelekwa Garsen, ikazibuliwa mirija yake yote, ikarudi maji yanapita kama bomba jipya, nami nikatangaza, safari hii kwa sauti ndogo. Likachemka. Komora akaniuliza bila hata kutabasamu, "Mama Charo, hizo nimepata zako bado ziko ngapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilirudi nyumbani nikagombana na kuku.

Leo naweza kucheka nao, na nimepata muda wa kufikiri nilikuwa nafanya nini. Kila kitu nilichokishuku kilikuwa kimetengenezwa na mtu mwingine au kuharibiwa na mtu mwingine: kiwanda, dereva aliyetangulia, fundi wa mbali. Sikukishuku hata siku moja kile nilichokuwa nakitia mwenyewe kila asubuhi kwa mikono yangu miwili, nacho ni maji.

Maji ya Tana unayajua, rangi yake ni chai ya maziwa. Hatuyanywi hivyo. Tunayakoroga na shabu, lile jiwe jeupe, tope linatulia chini ya pipa, tunachota ya juu. Nami nililipenda lile tingatinga, nikaona haifai sisi tunywe maji safi na lenyewe linywe tope. Kwa hiyo kila kulipokucha nilikoroga shabu kwenye dumu. Lakini nilikuwa na haraka ya kazi, sikungoja tope litulie. Nilikoroga, nikamimina. Miaka yote ile hakuna aliyenikataza, maana kila aliyepita aliona mama anayeitunza mashine yake, akanisifu.

Na Komora alikuwa ameshachoka. Akamleta mtu wa Malindi anayenunua chuma chakavu, wakalizunguka tingatinga letu wakiligonga-gonga, wakapatana siku ya kuja na lori. Mto ulikuwa unatarajiwa kujaa. Mwaka wa kabla yake maji yalichukua mpunga wote, unakumbuka tulivyokula maembe mabichi yaliyochemshwa. Tuta la nusu halizuii maji, yanazunguka tu mwisho wake na kuingia. Niliona wazi kwamba likienda lile lori, na mashamba ya Kilelengwani yanakwenda nalo.

Ndipo ukaja wewe na pipa lako. Ulikuwa umetoka kumaliza kidato cha nne, umekonda, huna kazi, na baba yako alikuwa amekutuma uoshe pipa la maji ya kunywa. Ulikuwa umeinama ndani mpaka kiunoni, unakwangua chini kwa kifuu. Ukatoa kichwa ukaniuliza, "Mama, hii tope ya pipa inalala chini. Ile ya tingatinga inalala wapi?"

Nilikukemea. Nilikwambia uoshe pipa uache maneno. Nikaingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena. Ugali ukaungua, nikauepua nikauacha hapo hapo na mwiko wake. Nikachukua spana na kipande cha waya wa seng'enge nikaondoka bila kumuaga mtu, na nilipogeuka njiani nilikuona unanifuata na kifuu bado kiko mkononi.

Chini ya injini, ubavuni, kuna koki ndogo ya kumwagia maji. Miaka yote nilikuwa namwaga maji kupitia rejeta peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Ile koki ya injini niliiona ni pambo. Siku ile niliifungua. Rejeta imejaa mpaka shingoni, na pale chini hapakutoka hata tone. Nikachomeka waya, ukagota. Nikausukuma kwa kiganja mpaka nikaumia. Likatoka tope la kijivu, zito, la kufinyangia chungu, halafu likatoka lingine, halafu maji yakatema juu ya gauni langu.

Nilikaa chini nikacheka. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikasema "Charo amepata!" kwa sauti ambayo nadhani walioko Kipini waliisikia.

Shabu ilikuwa imefanya kazi yake ile ile inayofanya nyumbani, ila ilikuwa inaifanyia ndani ya injini. Tope lilitulia chini na nyuma, likazizunguka silinda za nyuma na kukauka hapo, maji yanapita juu tu. Pampu ilikuwa nzima, rejeta ilikuwa nzima, hata thamostati yangu ya kichakani ilikuwa nzima, na tuliitafuta nusu siku nzima katika miiba ya ile miti ya mathenge mpaka tukaipata.

Unakumbuka kazi iliyofuata. Tulifungua vifuniko vya ubavuni tukakwangua kwa waya, kwa vijiko, kwa mswaki wa baba yako ambao mpaka leo hajui ulikwenda wapi. Nikaapa maji ya mto hayataingia tena mle. Kina mama wakabeba maji ya mvua kutoka tangi la kanisa, dumu juu ya dumu, tukasuuza mpaka yaliyotoka yakafanana na yaliyoingia.

Na siku ya kuliwasha, lori la yule mnunuzi lilikuwa limeshafika. Limesimama pale kando, minyororo ya kulivutia imetandazwa chini. Komora alikuwa ameshapeana mkono na mnunuzi, na alinitazama kwa huruma, "Mama Charo, wacha tu aende nayo. Umejaribu." Nikamwambia amnunulie mgeni wake chai aje aketi atazame. Nikapanda. Wewe ukasimama upande wa injini, kiganja juu ya mpira unaopeleka maji kwenye rejeta. Likanguruma. Mshale ukapanda, ukapanda. Ukafika katikati ukasimama. Nikashusha bamba nikaingia kwenye udongo mzito kabisa, ule mweusi unaonata, nikasukuma mpaka moshi ukatanda. Mshale uko katikati. Nikarudi nyuma nikasukuma tena. Uko katikati. Niliposhuka kwenda kunywa maji, yule mnunuzi alikuwa anakunja minyororo yake. Akamwambia Komora, "Mzee, hiki si chuma chakavu, hiki ni tingatinga." Akaenda zake na mkungu wa ndizi tuliomfungia, vigelegele vikimsindikiza mpaka barabarani.

Tuta tukalimaliza. Maji yalipokuja yalipanda, yakakaa, watu wakawa wanakwenda kuyatazama na watoto wao. Yalipoteremka mpunga wetu ulikuwa umesimama. Nilitembea juu ya lile tuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, peke yangu, nikiimba nyimbo za harusi. Sijawahi kujipenda kama siku ile, wala kukupenda wewe kama siku ile.

Sasa wewe umekaa na lile tingatinga misimu yote hii, umelijua kuliko mimi, na hao watu wa barabara wameona kazi ya mikono yako wakakuita. Unaona kama kuondoka ni kutuacha. Nikuambie jambo ambalo lilinisumbua. Baada ya ushindi ule, kila mshale ulipotikisika kidogo tu, nilikuwa nasema, "Mwiteni Charo." Umelala, "Mwiteni Charo." Umekwenda kuoga mtoni, "Mwiteni Charo." Mimi, niliyepanda juu ya mashine ile wanaume wakibishana, nilikuwa nimekuwa abiria. Na kikundi kizima kikajifunza kwangu. Ndiyo maana Komora anaogopa, na wewe ukaambukizwa.

Sasa Jumanne.

Jumanne ulikuwa Malindi, ulikwenda kununua viatu vya kazi. Nilikuwa nasafisha mathenge kule mwisho wa tuta, Sidi amekuja kuniletea chakula. Mshale ukaanza kupanda. Neno lilinijia mdomoni, "Mwiteni," nikalimeza. Nikainua bamba, nikarudi nyuma polepole hadi penye uwazi, nikaliacha lingurume bila mzigo. Sikugusa kifuniko. Nikashuka, nikagusa mpira wa maji wa juu, unaoyaingiza kwenye rejeta, moto. Nikagusa wa chini, unaoyarudisha kwenye injini, nao moto vile vile. Nikasimama nikafikiri. Kama ni tope limerudi, au njia imeziba, ule wa chini usingekuwa hivi. Maji yanazunguka vizuri, ila yanatoka kwenye rejeta na joto lile lile yaliloingia nalo. Basi hayapozwi. Upepo.

Nikavua leso yangu ya kichwani nikaishika mbele ya rejeta. Feni yetu huvuta, leso ilipaswa kung'ang'ania pale. Ikaning'inia tu, ikaanguka. Nikatazama mkanda wa feni nikaubonyeza, umekaza, haujang'aa kwa kuteleza. Nikatazama uso wa mbele, safi, nilikuwa nimeupuliza asubuhi ile. Zamani hapo ndipo ningetangaza. Sikutangaza. Nikamwambia Sidi, "Tuzime sasa, limepoa. Leta tochi." Akaiingiza nyuma, upande wa feni, nami nikatazama kutoka mbele. Giza. Mwanga haupiti hata punje.

Sidi akalala chini na gauni lake la kitenge, akafungua bolti za kile kipoza mafuta, kama rejeta ndogo ya mafuta, kilichokaa mbele ya rejeta ya maji, na tulipokivuta, katikati ya viwili hivyo palikuwa na majani ya mathenge yaliyoshikana na vumbi na mafuta, yamesongamana unene wa mto wa kulalia. Kwa mbele huoni kitu, kwa nyuma huoni kitu. Tukayachomoa yote. Tukafunga. Tukaliwasha, leso ikavutwa ikaganda pale, Sidi akaibandua kwa nguvu. Nikarudi kwenye mathenge, nikasukuma mpaka adhana ya alasiri ikasikika, mshale umelala katikati.

Ukaja jioni na viatu vyako vipya ukaniuliza kazi ilikwendaje. Nikakwambia vizuri. Sidi akakimbilia uani kwenda kucheka.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nihakikishe haikuwa bahati. Jumatano nikafanya kazi, Alhamisi nikafanya kazi. Ijumaa Komora akaja na maneno yake ya kunitisha, na nilipokuwa namimina ile chai ya pili nilihisi kama nitapasuka kwa furaha. Kesho nitampeleka penye mashine, nitamwonyesha yale majani, tumeyaweka kwenye gunia, na Sidi ndiye atakayemweleza, maana ameanza kuelewa, na ana mdomo kuliko mimi.

Huko uendako utakosea. Utatangaza "Nimepata" na mashine itachemka mbele ya wakubwa wako. Utaona aibu siku mbili, siku ya tatu rudi kwenye kile ulichokitia mwenyewe. Sina la kukufundisha zaidi ya hapo, mengine unayajua kunishinda.

Boda itafika saa kumi na mbili kukupeleka Garsen. Mimi nitakuwa nimeshatoka, kuna shamba la kupindua kabla jua halijawa kali, kwa hiyo tuagane hapa. Nakupenda, na nitakukumbuka mpaka niumwe. Lakini nisikilize vizuri, maana nimengoja tangu Jumanne kukwambia neno hili, na sijawahi kulisema kwa furaha kama leo: hatukuhitaji hapa, mwanangu. Nenda.

Mama yako